Lukresia Ametulia

Kansay
9 Februari 1986

Kwa mdogo wangu Wilibrodi,

Salamu utazipata siku utakayokuja mwenyewe, za karatasi nimechoka nazo. Mwaka wa tatu huu uko Olbalbal unatibu Wamasai na ng'ombe wao (usikatae, Tobiko, jirani yako huko anayetuletea barua zako, ameniambia mnadani kwamba unatibu na ng'ombe), na dada yako wa tumbo moja huna nafasi naye. Najua: zahanati ina mganga mmoja, petroli hakuna, likizo hawajakupa. Wimbo huo ninaujua mpaka kiitikio.

Lakini leo sina ugomvi, nina shukrani. Tangu ulipomwachisha Lukresia vile vidonge vya kwanza, vilivyomfanya apande juu ya ghala kama tumbili, ukatutafutia hivi vipya kutoka Arusha, mwaka na nusu umepita na hajaanguka hata mara moja. Unakumbuka alivyoanguka kanisani siku ya Matawi? Watu wote walirudi nyuma wakiogopa povu, nikabaki naye sakafuni peke yangu, hata shangazi zake walisimama mlangoni. Sasa anakaa benchi la mbele.

Na ametulia, Wili! Hapigani na mdogo wake Bernadina, hapandi miti, hajibizani. Ukimweka kwenye kigoda asubuhi unamkuta hapo hapo saa sita, na sweta lake, mikono mapajani. Josephati anasema tumepewa mtoto mwingine. Majirani wananiuliza nimemlea vipi mtoto mpole hivi, nami nanyamaza kama vile siri ni yangu.

Masharti yako nayashika kama amri za Mungu: kimoja asubuhi, kimoja jioni, na asimeze dawa ya mtu mwingine yeyote mpaka wewe uulizwe kwanza. Mume wangu hunicheka, anasema ukiandika nimpake mtoto masizi nitampaka. Ndiyo, nitampaka. Wewe ndiye uliyesoma.

Ndani nimekuwekea picha ya Komunyo ya Kwanza. Walipokea pamoja siku moja, maana Padri alisema Bernadina naye yuko tayari ingawa ana miaka minane tu, na Lukresia tulikuwa tumemchelewesha kwa ajili ya ugonjwa. Mpiga picha aliwaambia wasicheke, ndiyo maana wamenuna.

Dada yako,
Blandina


Olbalbal
2 Machi 1986

Dada Blandina,

Ng'ombe nimetibu mmoja tu, na alikuwa na kidonda. Mwambie Tobiko aache umbea.

Barua yako imenipa nguvu. Huku mvua imegoma, watu wanatembea na mifugo siku mbili kutafuta maji, na mimi mchana kutwa naosha macho ya watoto yaliyojaa vumbi. Ukinipa habari kama hiyo naona kazi yangu ina maana.

Picha nimeibandika ukutani juu ya meza ya dawa. Kila anayeingia lazima aione. Mzee Metui aliniuliza huyu msichana mrefu ni nani, nikamwambia huyo ndiye Lukresia, mtoto wa dada yangu, alikuwa na kifafa na mimi ndiye niliyemtibu. Loo, dada, amerefuka! Miaka kumi tu na tayari anataka kukufikia begani. Macho yake yamechangamka kabisa. Mtoto akikua namna ile ujue dawa imemkubali.

Ila hako kabonge kadogo pembeni, Bernadina, unakalisha nini? Mashavu yamefura utadhani kameficha andazi kila upande. Mpunguzie uji, atashindwa kutembea.

Endelea vile vile, usibadili kitu. Kopo jingine la dawa analo Tobiko.

Mdogo wako,
Wilibrodi


Kansay
23 Machi 1986

Wili,

Umenishtua, na sijui kama wewe mwenyewe unajua ulichokiandika.

Mara ya kwanza nilisoma barua yako nikacheka, nikamwita Josephati nimsomee, nikasema tazama, mjomba mtu hajui watoto wake. Josephati hakucheka. Akaniambia, soma tena. Nikasoma tena, na mimi nikaacha kucheka.

Yule mrefu ni Bernadina. Huyo kabonge uliyesema apunguziwe uji ndiye Lukresia wako.

Niliwaita wote wawili nikawasimamisha mlangoni mgongo kwa mgongo. Lukresia ameishia kwenye sikio la mdogo wake! Mama yangu! Nalala nao nyumba moja, nawaogesha, nawasuka, na sikuona. Ngoja nikuambie jambo la aibu zaidi. Gauni likimbana Bernadina, ninalitoa nampa Lukresia. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, mwaka mzima. Nani amewahi kuona mdogo anamrithisha mkubwa nguo? Wanawake wa hapa waliona, hakuna aliyesema, na mimi nilijiona mama hodari asiyetupa kitu.

Sasa nimeanza kuhesabu na kila ninachohesabu kinanitisha. Lile sweta havui hata jua la saa saba. Choo anapata baada ya siku nne, tano. Ngozi imekauka, sauti imekuwa nzito kama ya mvulana anayebalehe. Ukimuuliza kitu anajibu, lakini jibu linakuja ukiwa umeshasahau uliuliza nini. Mwalimu Piusi aliniambia mwaka jana kwamba jedwali la kuzidisha alilolijua lote limempotea, wakamrudisha darasa. Nikamjibu kwa ukali kwamba bora mtoto mjinga aliye hai. Mungu anisamehe.

Nimempapasa shingo. Kuna kitu hapo mbele, laini, ukubwa wa yai la kuku. Lakini hapa kwetu nusu ya wanawake wana rovu, la mama mkwe linaning'inia kama kibuyu, nani angeshtuka kwa yai?

Nijibu haraka. Usinipe maneno ya kunipoza.

Blandina


Olbalbal
6 Aprili 1986

Dada,

Lori la unga linaondoka sasa hivi, dereva amenipa dakika chache tu.

Leo imetua kliniki ya ndege, na ndani alikuwamo daktari wa watoto. Nimempa barua yako nikamtafsiria kila neno. Nikampa na picha. Ameitazama muda mrefu, akaniuliza nampa dawa gani na tangu lini.

Ni dawa, dada. Ni dawa niliyompa mimi. Shingoni mwa mtu kuna tezi, ndiyo inayomfanya mtoto arefuke, apate joto, akili yake ikimbie. Hii dawa ya kifafa inapunguza kile kinachotoka kwenye tezi hiyo. Watoto wengi hawadhuriki, lakini tezi ya Lukresia imelemewa na sasa inazimika. Kile ulichokiita kutulia ni ugonjwa. Mwaka na nusu namlisha mtoto wa dada yangu kitu kinachomdhuru huku najisifu kwa wazee wa watu!

Nijibu jambo moja. Mwaka jana walipita watu mashuleni kugawa vidonge vya mafuta vyenye madini joto, kwa ajili ya rovu. Lukresia alipata?

Honi hiyo. Mengine nakuandikia kesho, Tobiko anashuka mnadani.

Wilibrodi


Olbalbal
7 Aprili 1986

Dada Blandina,

Jana niliandika nikiwa nimepigwa na bumbuwazi, na leo asubuhi nimekumbuka kwamba sikukuambia lililo kubwa kuliko yote. Nimemwomba Tobiko asingoje ng'ombe, atangulie na barua hii.

USIMWACHISHE DAWA. Hata siku moja. Ukikikatiza ghafla kidonge cha kifafa, ugonjwa wote uliokuwa umefungiwa unatoka kwa pamoja, na anaweza kuanguka mfululizo asizinduke.

Daktari amesema dawa si adui. Ilimlinda kweli. Shida ni kwamba ardhi yetu ya milimani haina madini joto ya kutosha, kwa hiyo tezi yake ilikuwa dhaifu tangu zamani, na dawa ikaja kuilemea. Mpeleke hospitali, wamtoe damu ipelekwe Moshi ikapimwe. Wakithibitisha, wataongeza kidonge kingine kidogo cha kufanya kazi ya tezi, na atameza vyote viwili. Watoto hurudi, dada. Amesema hivyo kwa kinywa chake.

Na kama alikipata kile kidonge cha mafuta shuleni, basi kuna nafuu zaidi.

Mshike mkono Lukresia kwa niaba yangu.

Wilibrodi


Hospitali, Karatu
17 Aprili 1986

Wilibrodi,

Barua yako ya lori ilifika tarehe nane. Barua yako ya Tobiko imefika juzi, tarehe kumi na tano. Korongo lilijaa, mvua zilizokugomea wewe zilitushukia sisi zote, na yule maskini alikaa ng'ambo siku nne akingoja maji yapungue. Alipofika Kansay akakuta nyumba imefungwa. Akatufuata mpaka huku kwa miguu, shuka imelowa, bahasha yako ameifunga ndani ya mfuko wa sukari. Akanikabidhi mbele ya kitanda cha mtoto.

Unajua nilichokisoma? "Usimwachishe dawa." Nimesoma hilo, Wili, wakati dawa iko chooni siku ya saba sasa.

Ulitegemea nifanye nini? Ndugu yangu aliyesoma ameniandikia kwamba anamlisha mwanangu kitu kinachomdhuru. Sikumaliza hata kukunja karatasi. Nilichukua kopo, nikatoka nalo, nikalimwaga lote kwenye shimo la choo, na nilikuwa nikilia kwa hasira. Josephati alisema tungoje hiyo barua ya kesho. Nikamwambia kesho ipi, mtoto anaharibika.

Siku mbili hakuna kitu. Siku ya tatu tulikuwa shambani tunapalilia, Lukresia amekaa kwenye ukingo na sweta lake. Akaanguka. Nikasema itapita, naijua. Haikupita. Alitulia kidogo, kabla hajafungua macho ikaanza nyingine, na nyingine, na nyingine. Povu likawa na damu. Josephati alikimbia mpaka shamba la ngano akawasimamisha wenye trekta, tukampakia kwenye tela juu ya magunia. Mimi nimemlaza mapajani, Bernadina anamshika miguu, njia nzima matope, na yeye anatingishika tu. Nilikuwa namwita hanisikii. Muuguzi alipomchoma sindano nikasikia kimya, nikajua amekufa. Nikapiga yowe, wakanitoa nje.

Hakufa. Amelala siku tano. Jana amefungua macho, lakini hajasema neno. Ananitazama kama mtu anayetafuta jina langu.

Sasa jibu la swali lako. Wale wa vidonge vya mafuta walikuja, ndiyo, Septemba. Watoto wote walipewa, Bernadina alipewa. Mimi niliposikia wamefika nilikwenda shuleni mbio, nikamtoa Lukresia mstarini wakiwa wamebaki watoto wawili zamu yake ifike. Mwalimu Piusi alinisihi. Nikamwambia mwanangu ana daktari wake, na daktari wake amesema asimeze dawa ya mtu mwingine mpaka yeye aulizwe. Nikarudi naye nyumbani kifua mbele.

Umesikia? Niliyashika maneno yako yote. Hakuna hata moja nililoliacha lidondoke.

Blandina


Olbalbal
21 Aprili 1986

Dada,

Sharti lile niliandika kwa sababu ya waganga wa kienyeji na mizizi yao. Sikuwaza kabisa kwamba ungemtoa mtoto mstarini mwa serikali. Lakini hukuwa na njia ya kujua niliwaza nini, ulijua nilichoandika. Na ile barua ya lori ni mimi niliyeipeleka nusu, kwa kuwa nilikuwa naililia nafsi yangu kabla ya kumfikiria mgonjwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeanza na neno "endelea na dawa".

Tangu barua yako ifike sijaweza kula. Picha nimeibandua ukutani. Mzee Metui ameniuliza kwa nini, nikamweleza kila kitu, na yeye akaniuliza swali moja tu: huyo mtoto ulimwona lini kwa macho yako? Hapa mtu akiambiwa ndama wake amedhoofika hatumi salamu, anatembea kwenda kumpapasa. Mimi nilikuwa natibu kwa barua.

Nimefunga zahanati. Nimeacha karatasi mlangoni, wakinifukuza kazi wanifukuze. Kesho alfajiri natoka kwa miguu na Tobiko. Barua hii nimempa dereva wa lori, ili ikitangulia usinifungie mlango.

Wilibrodi


Kansay
14 Desemba 1986

Mdogo wangu Wili,

Tangu ulipoondoka Mei sijakuandikia. Si kwa kinyongo. Nilikutukana siku tisa pale hospitali mbele ya wagonjwa wote, nikamaliza akiba. Ulikaa ukavumilia, ukamfulia mtoto mashuka, na siku aliposema "mjomba" kabla hajasema "mama" nilitaka kukupiga na sufuria. Na hawakukufukuza kazi, wamekupa barua ya onyo tu! Una bahati ya mwizi.

Nilikuwa naogopa kuandika mapema nikakosa tena. Sasa naona naweza kusema.

Majibu ya damu yale ya Moshi yalikuwa sawasawa na alivyosema daktari wako, tezi ilikuwa karibu imezimika kabisa. Kile kidonge kidogo anakimeza asubuhi kabla ya uji, na vya kifafa vipo pale pale, nampa mwenyewe na sasa ninajua kila kimoja kinafanya nini, maana nilimkalisha muuguzi chini akanieleza mpaka akachoka. Alipomaliza nikamwambia anieleze tena. Sishiki neno nisilolielewa siku hizi, hata la Padri.

Mwezi wa kwanza wa kidonge hicho sikuona kitu. Mwezi wa pili akavua sweta. Nilimkuta nalo mkononi ananiuliza, "Mama, hili linawasha, nimekuwa nikilivaa kwa nini?" Mashavu yameshuka. Anakwenda choo kama watu. Amemfikia Bernadina kwenye nyusi, na wanagombana mchana kutwa. Jana wamegombea kigoda wakakivunja, na Lukresia amemwita mdogo wake jina ambalo siliandiki. Josephati aliinuka kuwachapa, nikamshika mkono. Nikamwambia ngoja, mwache aseme tena nisikie ile sauti.

Daktari wa Karatu amesema wazi kwamba hajui kama yote yatarudi. Mwakani atakaa darasa moja na Bernadina. Jedwali la kuzidisha amefika la saba. Ukimuuliza jambo zito bado anasita kidogo, lakini jibu linakuja.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu leo, kwa kuwa sijamwambia mtu, hata Josephati.

Juzi tulikuwa jikoni tunapukuchua maharage, mimi na yeye tu. Nikamuuliza kama mchezo, hivi ule wakati ulipokuwa umekaa kimya kwenye kigoda, ulikuwa unawaza nini? Nilidhani atasema hakumbuki. Daktari alisema huenda hakumbuki.

Akasema anakumbuka. Akasema maneno ya watu yalikuwa yanamfikia yakitoka mbali, lakini yalimfikia. Alikuwa anasikia baridi ndani ya mifupa. Tumbo lilikuwa linamuuma siku zote. Alikuwa anajua kwamba anasahau, na alikuwa anaogopa.

Nikamuuliza, sasa mwanangu, kwa nini hukuniambia?

Akafikiri. Akapukuchua ganda zima kwanza. Akasema, "Nilitaka, mama. Lakini kila jioni kwenye sala ulikuwa unamshukuru Mungu kwamba siku hizi sikusumbui. Nikaona nikikuambia nitakuwa nimeanza tena kukusumbua."

Ungo ulinitoka mkononi, Wili. Nilikaa pale chini katikati ya maharage. Yeye akaanza kuyaokota moja moja, akaniuliza mbona nimeacha kazi.

Dada yako,
Blandina